Mstari wa Themanini na Saba

Diski ilianza kugonga Jumanne asubuhi. Tak, tak, kimya. Tak, tak, kimya. Nimechimba visima miaka arobaini na mitatu, naijua sauti ya keekee iliyofika kwenye mwamba usiopasuka. Haihitaji kuelezwa. Nikaizima kompyuta, nikaifunga kwenye shuka, nikaipakia kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka kwa Fides Ntandu.

Manyoni nzima Fides ndiye fundi pekee aliyebaki anayefungua vitu. Wengine wanabadilisha tu. Kitu kikilala wanakitupa ndooni, wanakupa kingine, wanakwambia asante kwa kuja.

"Shikamoo, Mzee Hango. Umeleta mgonjwa au maiti?"

"Marahaba. Bado anahema."

Akalegeza skrubu, akatoa kava. Ndani kulikuwa na vumbi la Itigi, la Sikonge, la kila mahali nilipowahi kulala, na mjusi mkavu kama bua.

"Huyu mpangaji anakulipa?"

"Alihama bila kuaga."

Alicheka, lakini alipoweka sikio karibu na diski uso wake ulibadilika. "Ina siku chache, mzee. Ndani kuna nini?"

"Daftari la visima. Mia sita na kumi na viwili. Vyote tulivyochimba kikosi chetu."

Kikosi chenyewe kimebaki mimi. Kompyuta ile ilikuwa ya ofisi yetu ya turubai, na kazi ilipokufa kila mtu alichukua kitu. Mmoja alichukua jenereta, mwingine viti. Mimi nilichukua daftari, nikazunguka nalo mikoa minne, na sikuwahi kumfungulia mtu.

Simu ya kaunta ikaita. Fides akasikiliza, akanipa. "Ni ya kwako. Wamekutafuta nyumbani wamekukosa."

Alikuwa Leokadia Mujungu, katibu wa kamati ya maji ya Ndamweru. Bomba kubwa la ziwani lilikuwa halijatoa tone kwa miezi mitatu, na vijiji vyote vya ukanda ule vilikuwa vimeanza kukumbuka visima vya zamani, vile tulivyovichimba kabla bomba halijaja.

"Mzee, Jumamosi nakuja kuchukua orodha. Mtambo wa kusafishia visima tumeshaupata. Tutaanza na kile cha shuleni. Wazee wanasema kilikuwa hakikauki."

"Cha shuleni," nikasema.

"Ndiyo. Unakikumbuka?"

"Njoo Jumamosi," nikamwambia, nikakata.

*

Fides aliweka mezani kitu chembamba kama kipande cha sabuni kilichotumika. Cheupe, hakina skrubu wala tundu, na hakina mlio.

"Diski mpya ndiyo hii. Bure. Nitaitengenezea waya iingie kwenye hili kabati lako."

"Bure? Nani anagawa bure?"

"Wenyewe waliotengeneza. Zimejaa kila mahali, mzee. Simu yangu ina hii, hospitali wana hii, mizani ya sokoni ina hii."

"Inafanyaje kazi bila kuzunguka?"

Akafikiri. "Chukulia nimekwambia neno moja, ugali. Sina haja ya kukuhesabia maji, unga, moto na mwiko. Wewe unajua, utaupika mwenyewe. Diski za zamani zilikuwa zinaandika kila punje ya unga. Hii inaandika neno moja. Ukitaka kusoma, inakupikia upya, palepale. Ndiyo maana ni ndogo, na haijai."

"Na ukisahau kuiambia mboga?"

"Itaweka mchicha." Alicheka. "Watu wengi wanakula mchicha."

Sikucheka. Kitu kisichotoa sauti sijawahi kukiamini, kiwe mbwa au mashine. Lakini ile ya kwangu ilikuwa inagonga, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Nikamwambia ahamishe.

Ilichukua muda wa kunywa chai moja. Daftari likatokea kwenye kioo, safi, herufi zimekolea kuliko zamani. Shule nilisoma vipande, darasa la pili huku, la nne kule, kwa hiyo sisomi kwa kurukaruka. Naweka kidole kwenye kioo na kushuka nacho mstari kwa mstari. Fides alikwenda kuhudumia wateja wawili, akarudi, akanikuta bado nashuka.

Kwenye mstari wa themanini na saba kidole kikasimama.

*Namba 87. Ndamweru, shuleni. Kina mita 58. Maji matamu. Lita 2,300 kwa saa. Salama.*

"Fides. Nani ameandika hapa?"

"Wapi?"

"Hapa. Nani amegusa daftari langu?"

"Hakuna aliyegusa. Umekaa nalo wewe tangu saa tatu."

"Mstari huu ulikuwa mtupu."

Alinitazama kama anavyotazamwa mzee aliyesahau njia ya kwake. Hapo nikaanza kumtilia shaka. Nilijiuliza kwa nini alikuwa na haraka ya kunipa cha bure, na Leokadia alijuaje kwamba niko kwake. Nikawaza kwamba kuna watu wa mitambo wanaotaka visima vifunguliwe vingi iwezekanavyo, na fundi mwenye watoto wa kulisha hakosi kusikiliza.

"Nirudishie diski yangu," nikasema. "Kuna mtu amekutuma."

"Mimi?" Aliweka bisibisi chini taratibu. "Mzee Hango, mwaka ule ulipoumwa tumbo, nani alinituma nikuletee uji?"

Akairudisha diski ya zamani kwenye waya, ikagonga, ikagonga, kisha ikafunguka. Mstari wa themanini na saba ulikuwa na namba na jina la mahali. Baada ya hapo, weupe.

Tukautazama wote wawili. Akachomeka tena mpya. *Maji matamu. Salama.*

"Ngoja," akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

Alivuta kibodi, akaandika kwenye diski mpya orodha fupi. *Watoto wa Fides. Wa kwanza: Gaudensia. Wa pili:* hapo akaacha pengo. *Wa tatu: Wilbroad.* Akahifadhi. Akazima, akawasha.

*Wa kwanza: Gaudensia. Wa pili: Deogratias. Wa tatu: Wilbroad.*

Fides alikaa kwenye kigoda. Nje mtu aligonga kaunta akiuliza chaji, hakujibiwa, akaenda zake.

"Huyu hatukumpa jina," akasema. "Alikaa siku mbili. Kwetu mtoto wa siku mbili hapewi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Deogratias," akasema tena. "Na ni jina zuri. Ndicho kinachoniudhi."

*

Ikabidi nimweleze, maana baada ya lile pengo lake lisingekuwa jambo la haki mimi kunyamaza.

Wachimbaji tulikuwa na miiko yetu. Kisima kibaya hakiandikwi. Unaandika namba, kwa kuwa namba haiwezi kurukwa, na unaandika mahali. Kina, ladha, ujazo, jina la mchimbaji, vyote unaviacha. Ukiandika maji mabaya, wazee wa kazi walituambia, yanakufuata kwenye shimo linalofuata. Kila mchimbaji aliyeona weupe alijua: hapa usinywe, pita. Hatukuhitaji neno. Ila wengine hawakuujua weupe huo maana yake, na hatukuwahi kuwaambia.

"Na diski inadhani umesahau mboga," Fides akasema.

"Inadhani nimesahau mboga."

"Viko vingapi hivyo?"

"Sijui kwa hesabu. Sijawahi kuvihesabu."

Akainuka, akavuta boksi la chini ya meza ambamo aliweka vyuma vya zamani. Tukaanza kuchagua, maana diski ile iliyokuwa inagonga haikuwa na pumzi nyingi, na tulihitaji mahali pa kuyaweka yale ya ndani yasije yakapikwa upya. Simu yake haikufaa. Alijaribu kupiga picha ya kioo, na picha ikatoka weupe umejazwa. Printa nayo ilikuwa na sabuni ileile tumboni.

Diski ya kwanza ilikuwa na meno ya ile waya bapa ya kizamani. Kompyuta yangu ni nzee lakini si nzee kiasi hicho. Ya pili ilikuwa ya kompyuta ya mkononi, nyembamba, ingeingia, ila alipoiwasha ilitoa mlio wa mbuzi. "Hii ilianguka," akasema, akaitupa pembeni. Ya tatu ilifaa kila kitu, waya, kimo, matundu ya skrubu, lakini nafasi yake ilikuwa ndogo kuliko mzigo wetu. Ya nne ilikuwa nzito, imeandikwa kwa kalamu ya wino mnene jina la duka lililokwisha kufa. Akaipima.

"Imezunguka saa elfu arobaini," akasema. "Ni bibi kizee. Lakini hana jeraha."

"Ataandika kila punje?"

"Kila punje. Na pasipo na punje hataweka kitu."

Tukahamisha. Ya kwangu iligonga njia nzima, na ilipofika mwisho ikagonga mara tatu za haraka, kisha haikugonga tena. Fides aliitoa, akaifunika na kipande cha kanga.

Ile nzito ilikuwa imeshika. Tukashuka tena, kidole na mstari, tukihesabu weupe. Vilikuwa thelathini na kimoja. Ile mpya ilikuwa imevifanya vyote thelathini na kimoja kuwa maji matamu.

"Basi tumemaliza," Fides akasema. "Utaondoka na bibi kizee. Jumamosi utamwambia huyo mama asivifungue hivi. Kwisha."

Nilipaswa kufurahi. Chaguo lilikuwa limejichagua lenyewe. Lakini wepesi wake ulinitia shaka, na kitu chepesi mno nakigeuza nitazame chini. Bibi kizee ataishi miaka mingapi, mitatu? Mimi je? Siku tukianguka wote wawili, mtu mwema atakuta daftari, atalihamishia kwenye kitu cheupe cha bure, na weupe utajaa maji.

"Ile mpya," nikamwuliza, "inagusa na kilichoandikwa, au pengo tu?"

Fides akarudi kwenye orodha ya watoto wake. Alilifuta jina la Deogratias. Vidole vilikaa juu ya kibodi kwa muda, kisha akaandika: *Wa pili: alikufa kabla ya jina.* Akazima, akawasha.

*Wa pili: alikufa kabla ya jina.*

"Haikugusa," akasema.

*

Ijumaa nilikuwa dukani kwake tangu anafungua mlango. Diski zote mbili zilikuwa mezani, nzito na nyepesi. Nilimwambia aweke nyepesi. Nitaandika weupe wote, maneno, mmoja baada ya mwingine. Kuvunja mwiko nikiwa na miaka sabini na minane si kitu. Shimo linalofuata ni langu mwenyewe, na halitakuwa na maji.

Nilianza na themanini na saba ili nisiogope baadaye. Niliandika polepole. *Kina mita 61. Maji maangavu, matamu mdomoni, mabaya mifupani. Usifungue.* Nikafika kwenye *Mchimbaji*. Hapo nikaacha.

Niseme kweli. Kisima kile nilikichimba mimi. Mwaka wa pili nilipita Ndamweru nikaona meno ya watoto yamekuwa ya kahawia, na wengine miguu imeanza kupinda kama upinde. Nilijua. Mchimbaji yeyote angejua. Nilirudi kikosini, nikafuta mstari nikaacha namba na mahali tu, nikahamia kazi ya Sikonge. Bomba la ziwani lilifika Ndamweru mwaka wa tisa, na ndipo wakaacha kukinywa, si kwa sababu yangu. Baadaye, kwenye safari zangu, nilisikia kwamba kijiji kilitafuta sababu ya ile miguu, kikaipata. Waliipata kwa bibi mmoja aliyekuwa jirani na shule. Wakamwita mchawi, wakamfukuza.

Kwa hiyo niliacha pale pa jina. Nilijiambia kilicho muhimu ni maji, jina halimponyi mtu. Fides akavuta kibodi. Akazima, akawasha.

*Mchimbaji: Mwanga Kijanga.*

"Huyu nani?" Fides akauliza.

Mwanga. Aliyenifundisha kunusa udongo. Aliyenibeba mgongoni toka Rungwa nilipovunjika kifundo. Jina lake liko kwenye mistari mingi kuliko la mtu yeyote, na diski ilikuwa imefikiri kama wafikirivyo watu: palipo na pengo, mweke aliyezoeleka. Amekufa miaka kumi na sita. Hana pa kulalamikia.

"Si yeye," nikasema.

"Basi futa."

Nikafuta. Nikaacha tena weupe, sijui nilitegemea nini. Akazima, akawasha, na Mwanga akarudi palepale, mtulivu kama alivyokuwa.

Siku tatu nilikuwa nimekaa nikiishuku ile sabuni. Nilikuwa nimemshuku na Fides. Nikaitazama sasa, na nikaona haikufanya kitu ambacho Ndamweru hawakufanya kwa yule bibi. Sisi tulichimba shimo kwenye daftari tukaliacha wazi, na shimo lililo wazi halikosi mtu wa kutumbukia.

"Mzee," Fides akasema, "bibi kizee bado yuko hapa. Akiachiwa pengo ananyamaza. Sema tu, nitamfunga."

"Najua ananyamaza. Ndiyo shida yake."

Nikaandika jina langu. Nikaandika na yale ya mwaka wa pili. Kisha nikashuka kwenye weupe wa pili, na wa tatu. Tisa kati ya vile vilikuwa vyangu. Vilivyobaki niliandika wenye navyo, wafu na wote, na pale nisipokumbuka niliandika *sikumbuki*, neno hilohilo, ili pasibaki tundu.

*

Leokadia alikuja Jumamosi na bajaji ya kamati. Aliteremka kwa kushika nguzo ya mlango, kwanza mguu mmoja, kisha mwingine, na nilipoiona ile miguu nilijua umri wake kwa mwaka: alikuwa darasa la kwanza au la pili nilipokichimba kisima kile.

"Shikamoo, mzee. Tumekusumbua."

"Marahaba. Kaa, mama."

"Nikikaa kuinuka ni kazi. Nisomee nimesimama."

"Soma mwenyewe. Themanini na saba."

Aliinama kwenye kioo. Alisoma kwa sauti, kama wasomavyo makatibu wanaposoma muhtasari, mpaka kwenye *mabaya mifupani*, hapo sauti ikaisha akaendelea kwa midomo tu. Fides alijifanya anapanga skrubu.

"Hango Njiku," akasema Leokadia bila kunitazama. "Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Alijua mwaka wa pili. Hapa imeandikwa alijua mwaka wa pili."

"Ndivyo."

"Bibi yangu walimtoa mwaka wa sita. Walimchomea nyumba na kuku ndani. Mama yangu hadi anakufa hakuwahi kuteka maji wakati mmoja na wenzake. Mimi nimechaguliwa katibu kwa kuwa najua kusoma, na bado kuna nyumba sipewi maji ya kunywa. Miaka minne, mzee. Ulikuwa na miaka minne."

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa, ulikuwa mdomoni, lakini niliona ungekuwa wa kunisaidia mimi.

"Kabla ya leo paliandikwa nini hapa?" akauliza.

"Hapakuandikwa kitu."

Fides akaichukua ile diski nzito, akaichomeka pembeni, akamwonyesha. Namba, mahali, weupe. Leokadia aliutazama ule weupe kwa muda mrefu kuliko alivyotazama maneno.

"Hii naondoka nayo," akasema. "Nitawaonyesha wazee wa kwetu. Nataka waone walichokuwa wanasoma." Kisha akagonga kucha kwenye kioo, kwenye ile mpya. "Na hapa ongeza. Andika jina la bibi, Nyamwiru binti Mujungu. Andika hakuhusika."

Nikaandika. Nilikosea herufi, nikafuta, nikaandika upya. Yeye alisimama juu ya bega langu mpaka nukta ya mwisho.

"Mashine hii inahifadhi kweli? Mimi siiamini."

"Hata mimi," nikasema.

"Zima."

Fides akazima. Kioo kikawa cheusi, tukajiona watatu humo ndani. Diski haikutoa sauti yoyote. Akawasha. Mistari ikapanda, ikafika themanini na saba. Jina langu lilikuwepo. Nyamwiru alikuwepo. Hakuhusika.

Leokadia alivuta kigoda, akakaa, miguu ameinyoosha mbele.

"Tena," akasema.